Wasomaji Wanauliza: Saini ya Mgonjwa, Sindano Mbili na Mpira wa Mkojo

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wanafunzi wa uuguzi, na chache zimetoka kwa watu waliolaza jamaa zao wakarudi nyumbani na maswali ambayo hawakupata nafasi ya kuyauliza wodini. Nimechagua zile zinazohoji sababu, kwa kuwa kanuni ya uuguzi aliyoikariri mtu bila kujua imewekwa kwa ajili gani humponyoka siku mgonjwa anapokuja tofauti na alivyoelezwa darasani. Majibu hayalingani kwa urefu, maana maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Mkufunzi, shikamoo. Nikiwa katika mafunzo ya vitendo nilitumwa kumsainisha mama mmoja fomu ya ridhaa kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji. Alipomaliza kusaini akaniuliza, "Hivi mwanangu, wanakwenda kunitoa nini?" Nilikuwa najua jibu, nikamweleza. Muuguzi wa zamu akanikaripia. Kosa langu ni lipi? – Mwanafunzi wa mwaka wa pili

JIBU: Marahaba. Huruma yako haikuwa kosa, na karipio pengine lilizidi, lakini muuguzi huyo alikuwa na hoja. Swali la mama lilikuwa linakuarifu kwamba ile saini aliyoiweka ilikuwa tupu. Ridhaa hupatikana pale mgonjwa mwenye akili timamu anapoelezwa ugonjwa wake, upasuaji unaokusudiwa, faida zake, hatari zake, njia nyingine zilizopo na yanayoweza kutokea asipopasuliwa kabisa, kisha akaamua mwenyewe bila kushurutishwa na mtu. Fomu huja baadaye, kuweka kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Mwenye wajibu wa kueleza ni daktari atakayepasua, kwa kuwa ndiye anayejua atakata wapi, atatoa nini, na atafanya nini akikuta ndani hali ambayo hakuitarajia. Muuguzi anayetia saini kama shahidi anathibitisha mambo machache tu: kwamba aliyesaini ndiye mgonjwa mwenyewe, kwamba amesaini kwa hiari yake, na kwamba, kwa kadiri alivyomwona, alikuwa anafahamu anachokifanya.

Kwa hiyo mgonjwa akiuliza swali kama lile, shughuli nzima inasimama. Unamwambia kwamba ana haki ya kujua na kwamba daktari anaitwa, unamwita daktari, kisha unaandika kwenye faili maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, saa uliyotoa taarifa na uliyempa taarifa hiyo. Yaliyo ya uuguzi unaweza kuyaeleza bila kumngoja mtu: kwa nini chakula chepesi kinakatazwa kwa muda wa saa 6 kabla ya nusukaputi ilhali maji matupu kwa kawaida huruhusiwa mpaka zibaki saa 2, au namna ya kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku ameukumbatia mto juu ya mshono. Kuziba pengo la maelezo ya upasuaji wenyewe ni jambo jingine, kwa sababu ukikosea hata kidogo, mgonjwa atakuwa ameridhia kitu ambacho hakitafanyika.

Angalia pia mpangilio wa dawa. Dawa za kutuliza wasiwasi zinazotolewa kabla ya upasuaji, midazolamu ikiwa mojawapo, hupunguza uwezo wa mtu kupima mambo na huweza kufuta kumbukumbu ya aliyoambiwa, ndiyo maana fomu husainiwa kabla yake. Ukimkuta mgonjwa amekwisha kuchomwa sindano na fomu bado haina saini, usimshike mkono asaini. Toa taarifa, hata kama ratiba ya siku nzima itavurugika. Hapa ndipo wengi hulegea, kwa kuwa wanaosubiri ni wakubwa zao na anayeathirika amelala.

Mgonjwa anaweza pia kubadili nia baada ya kusaini, hata akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inalizingatia hilo: kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe huulizwa athibitishe jina lake, mahali patakapopasuliwa, aina ya upasuaji na ridhaa yake. Dharura ni suala la pekee. Mtu aliyepoteza fahamu huku damu ikimtoka, na hakuna aliye na mamlaka ya kumsemea anayepatikana kwa wakati, hutibiwa kwa kuchukuliwa kwamba angetaka kuokolewa. Taratibu za kisheria hutofautiana baina ya nchi, kwa hiyo soma za kwenu.

Darasani mnafundishwa nguzo nne za maadili: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na kutenda haki kwa wote. Kuzitaja ni rahisi. Ugumu huanza zinapogongana, kama pale mgonjwa mwenye akili timamu anapokataa upasuaji ambao kila mtu wodini anaamini ungemponya. Kwa maoni yangu muuguzi ana kazi mbili hapo: kuhakikisha kukataa huko hakutokani na hofu au habari potofu ambayo haijajibiwa, na baada ya hapo kumhudumia mgonjwa kwa uangalifu uleule, bila kumnunia.

SWALI: Baba yetu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na usiku wa kwanza akapata homa ya nyuzi 38.1. Tulitaka aongezewe antibayotiki mara moja, muuguzi akasema watamwangalia kwanza. Je, huo haukuwa uzembe? – Binti wa mgonjwa

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, sioni uzembe. Kisu kinapokata tishu, hata katika mazingira safi kabisa, mwili huitikia kama unavyoitikia jeraha lolote: chembechembe za kinga hukusanyika mahali pale na kutoa kemikali ambazo, pamoja na kazi nyingine, huuagiza ubongo upandishe joto. Homa ya namna hii, katika siku moja au mbili za mwanzo, mara nyingi hushuka yenyewe. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji kwa kawaida hujitokeza baadaye, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, na kidonda huendelea kufuatiliwa mpaka siku 30, au siku 90 ikiwa kuna kipandikizi kilichoachwa mwilini.

Hata hivyo, "kumwangalia" ni kazi yenye vitendo ndani yake. Muuguzi hupima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na shinikizo la damu kwa vipindi vilivyopangwa, husikiliza kifua, hutazama bendeji, mahali ilipochomekwa dripu, ndama za miguu na rangi ya mkojo. Kuna maambukizi machache makali, hasa ya bakteria aina ya streptokoka kundi A na ya klostridia, ambayo huweza kushambulia kidonda ndani ya saa 48 za mwanzo. Dalili inayopaswa kumshtua muuguzi ni maumivu yanayozidi sana kile kinachoonekana kwa macho, ngozi inayobadilika rangi haraka, au sauti ya kukwaruza chini ya ngozi inapobonyezwa. Hapo daktari huitwa bila kungoja asubuhi.

Kwa wanafunzi wanaosoma jibu hili niongeze upande wa pili, ambao ni hatari zaidi: mgonjwa mwenye maambukizi lakini asiye na homa. Wazee, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu na wanaopata matibabu ya saratani huweza kukosa dalili ambazo mtu amezizoea. Usaha kwa sehemu kubwa ni mabaki ya seli nyeupe aina ya nyutrofili zilizokufa zikipambana. Mgonjwa ambaye seli hizo zimemwishia hana cha kutengenezea usaha, na kidonda chake kinaweza kuwa kikavu na kisafi machoni huku bakteria wameingia kwenye damu. Kwa mgonjwa wa aina hiyo nyuzi 38 ni dharura, na mabadiliko madogo tu, kama kuchanganyikiwa kidogo au kupumua haraka, yanatosha kumwita daktari.

SWALI: Nilikanyaga msumari wenye kutu nikaenda kituo cha afya. Kwa kuwa sikukumbuka kama niliwahi kukamilisha chanjo ya pepopunda, nilichomwa sindano mbili, moja kila mkono, na nikaambiwa nirudi tena. Kwa nini moja haikutosha? – Fundi seremala

JIBU: Zile sindano zilibeba vitu viwili tofauti kabisa. Moja ilikuwa chanjo, yaani sumu ya pepopunda iliyokwisha kudhoofishwa isiweze kudhuru, ambayo kazi yake ni kuufundisha mwili wako utengeneze kingamwili zake wenyewe. Mafunzo hayo huchukua muda. Kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi ya kwanza peke yake haimpi kinga ya kutegemewa, na ndiyo sababu unarudi kwa dozi zinazofuata. Wakati huohuo pepopunda huweza kujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha, kwa hiyo ugonjwa ungeweza kukuwahi. Sindano ya pili ilikuwa na kingamwili zilizokwisha kutengenezwa katika mwili wa mwingine, zinazoanza kazi bila kukungoja ujifunze. Ubaya wake ni kwamba hupungua baada ya wiki chache na hazikuachii kumbukumbu yoyote. Hutiwa kwa sirinji tofauti na mahali tofauti ili zisije zikaizuia chanjo pale pale ilipochomwa.

Kinga hizi mbili ndizo wanafunzi wanazozifahamu kwa majina ya kinga hai na kinga tulivu, na zote mbili zina sura za kimaumbile vilevile: mtu aliyeugua surua hujijengea kinga hai, na mtoto mchanga huzaliwa na kinga tulivu aliyopewa na mama kupitia kondo la nyuma, kisha huongezewa nyingine katika maziwa, hasa yale ya mwanzo. Mjamzito anapochanjwa dhidi ya pepopunda, kwa hiyo, anayelindwa zaidi ni yule atakayekatwa kitovu.

Jambo moja huwashangaza wengi: aliyeugua pepopunda akapona bado anahitaji kuchanjwa. Kiasi cha sumu kinachotosha kumlaza mtu ni kidogo mno, hakitoshi kuiamsha kinga yake. Kuhusu kutu, haina hatia. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na kinyesi cha wanyama, na msumari mpya unaong'aa ukiupeleka uchafu ule ndani ya nyama, mahali pasipofikiwa na hewa, hatari ni ileile.

SWALI: Kama nimevaa glavu, kuna haja gani ya kunawa mikono? – Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Glavu huwa na vitundu visivyoonekana kwa macho, huweza kuchanika bila mvaaji kutambua, na wakati wa kuzivua, hasa zikivuliwa kwa haraka, uchafu wa nje hugusa ngozi ya mkono. Zaidi ya hayo, glavu humpa mvaaji ujasiri asiostahili: anamgusa mgonjwa, anagusa simu, anashika kitasa, anarudi kwa mgonjwa mwingine, na glavu ni zilezile. Safisha mikono kabla ya kuzivaa kwa kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu na safisha tena baada ya kuzivua, kila mara. Dawa ya alkoholi husuguliwa kwa sekunde 20 hadi 30. Sabuni na maji, pamoja na kusuuza na kukausha, huchukua sekunde 40 hadi 60. Mgonjwa akiwa anaharisha kutokana na bakteria wa klostridioide difisile, tumia sabuni na maji, kwa kuwa alkoholi haiziui mbegu za bakteria huyo.

Mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi mjini Vienna, Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi waliokuwa wakitoka kupasua maiti wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuwapima wazazi. Vifo vya kina mama katika kitengo chake vilishuka kutoka takriban asilimia 18 mwezi Aprili hadi asilimia 2 hivi mwezi Juni. Wakubwa wengi wa wakati huo walimpinga, na sehemu ya kilichowaudhi ni kuambiwa kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyokuwa ikiua.

SWALI: Mama alichomwa ganzi ya uti wa mgongo kwa ajili ya upasuaji. Jioni akawa anakojoa matone kila baada ya muda mfupi, nasi tukafurahi kwamba mkojo unatoka. Muuguzi alipomshika tumbo akasema kibofu kimejaa, akamwekea mpira. Inawezekanaje kibofu kijae ilhali mtu anakojoa? – Msomaji wetu wa siku nyingi

JIBU: Muuguzi huyo alifanya kazi nzuri sana. Ganzi ya uti wa mgongo huzima kwa muda mishipa ya fahamu inayouarifu ubongo kwamba kibofu kimejaa na kukiamuru kijikaze. Figo zinaendelea kuchuja, kibofu kinatanuka kupita kiasi, na shinikizo likizidi, mkojo hupenya kidogo kidogo. Yale matone yalikuwa mfuriko tu, huku kibofu chenyewe kikiwa kimebaki kizito. Muuguzi anayeandika "amekojoa" kwenye jalada bila kupima kiasi huliona hili pale mgonjwa anapoanza kuhangaika kwa maumivu chini ya kitovu.

Mgonjwa asipotoa mkojo baada ya upasuaji, swali la kwanza ni moja: hautengenezwi, au unatengenezwa ila hautoki? Mtu mzima anatarajiwa kutoa angalau mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, yaani mwenye kilo 60 atoe mililita 30 hivi. Figo zikiwa hazitengenezi, kibofu kitakuwa kitupu na tumbo la chini laini, na huenda sababu ni upungufu wa maji au damu iliyopotea. Mpira hautatibu hilo, ingawa utasaidia kupima. Kama kibofu kimejaa, utakihisi kama uvimbe wa mviringo juu ya mfupa wa kinena, na ukigonga kwa kidole sauti ni nzito. Penye mashine ndogo ya mawimbi ya sauti, kiasi husomwa bila kumchoma wala kumwingizia mgonjwa kitu chochote. Wengi hukojoa wenyewe ndani ya saa 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Muda huo ukipita, lazima mtu achunguze.

Kabla ya mpira kuna mambo ya kujaribu, na nasikitika kwamba mara nyingi hurukwa. Mfunge pazia. Ikiwa miguu imepata nguvu na daktari ameruhusu, msaidie mwanamke akae na mwanamume asimame, kwani wachache wanaweza kukojoa wakiwa chali mbele ya macho ya watu. Fungua bomba asikie maji. Mmwagie maji ya uvuguvugu sehemu za siri, lakini uyapime kwanza, ili uyatoe kwenye hesabu utakaposoma kilichomo chomboni.

Mpira ukihitajika, huwekwa kwa vifaa visivyo na vijidudu, kwa ukubwa mdogo unaotosha kazi, na puto lake halijazwi mpaka mkojo utoke na mpira usukumwe ndani zaidi, la sivyo litajazwa ndani ya njia ya mkojo na kuichana. Mfuko hukaa chini ya usawa wa kibofu, hata mgonjwa anapohamishwa kwa kiti cha magurudumu, wala haulazwi sakafuni. Kila siku mpira unapobaki, takriban wagonjwa 3 hadi 7 kati ya 100 huanza kuwa na bakteria kwenye mkojo, na bakteria hao mara nyingi hutoka kwenye utumbo wa mgonjwa mwenyewe. Ndiyo maana kila asubuhi muuguzi anapaswa kuuliza kwa sauti mpira huu bado unafanya kazi gani. Urahisi wa wahudumu si jibu linalokubalika.

SWALI: Mume wangu anatumia mofini baada ya upasuaji wa nyonga na sasa ana siku kadhaa bila choo. Nimempa vyakula vya nyuzinyuzi kwa wingi lakini tumbo linazidi kujaa. – Mke wa mgonjwa

JIBU: Simamisha kwanza hizo nyuzinyuzi za ziada. Zinafaa kwa mtu anayekunywa maji ya kutosha na ambaye utumbo wake unasukuma. Mofini hupunguza msukumo huo, na nyuzinyuzi zisizopata maji wala msukumo hurundikana. Mwili huzoea usingizi na kichefuchefu vya mofini baada ya siku kadhaa, lakini haukizoei kizuizi chake cha choo, kwa hiyo dawa ya kuchochea utumbo ilitakiwa kuanza pamoja na mofini yenyewe. Mwombe daktari au muuguzi wake alifikirie hilo leo. Mengine ni kunywa maji kama hajakatazwa, kuinuka na kutembea kwa kadiri alivyoruhusiwa, na kupata chombo cha haja mara baada ya kifungua kinywa, wakati utumbo mpana huamka zaidi. Asijikamue kwa kubana pumzi, hasa kama ana ugonjwa wa moyo.

Akianza kutapika, tumbo likawa gumu au linauma, au hewa nayo ikakoma kutoka, asipewe dawa ya kuharisha wala kuingiziwa maji kwa njia ya haja kubwa nyumbani. Mpeleke hospitali, kwa kuwa huenda utumbo umeziba au umelala kabisa.

SWALI: Tumeagizwa kuchukua mkojo wa maabara kwa mgonjwa mwenye mpira. Mwenzangu anachota kwenye mfuko. Ni sawa? – Mwanafunzi wa zamu ya usiku

JIBU: Hapana. Mkojo wa mfukoni umekaa kwa saa nyingi na bakteria wamezaana humo, kwa hiyo maabara itasoma hali ya mfuko. Bana mrija chini ya tundu la kuchukulia sampuli kwa dakika chache, mkojo mpya ujikusanye, safisha tundu hilo kwa alkoholi, liache likauke, kisha vuta kwa sirinji safi. Kumbuka kuufungua ule mrija ukimaliza, na chupa iende maabara papo hapo au ihifadhiwe kwenye jokofu.